Huku Nani Ataniuliza?

Sisi ni watatu, wanachama wa chama hiki, na sote tumekulia Mansfield, kusini mwa Arlington. Wazazi wa wawili wetu walitoka Tanga, wa mmoja walitoka Mombasa. Nyumba zetu zinatofautiana kwa mapishi na kwa maneno: wa Tanga husema "mfuko wa rambo", wa Mombasa husema "juala". Lakini ukifungua kabati lililo chini ya sinki katika nyumba zote tatu, utakuta kitu kilekile: mfuko mmoja mkubwa wa plastiki uliojazwa mifuko mingine ya plastiki.

Kiangazi kilichopita mama wa mmoja wetu alisafiri kwenda Tanga. Usiku wa kuamkia safari tulikwenda kumsaidia kufunga mizigo: masanduku mawili, pauni 50 kila moja, mengi yakiwa zawadi za watu. Viatu vya shangazi vilikuwa ndani ya mfuko wa dukani. Mama akavitoa, akavifunga kwa kanga. Akatoa mfuko mwingine, na mwingine.

"Dar hawaitaki hii," alisema.

Ni kweli. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na wasafiri wakatangaziwa wasije nayo. Kenya ilitangulia tarehe 28 Agosti 2017, tena kwa adhabu kali: faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4.

Mama alikaa wiki sita. Alipokuwa huko alitusimulia kwa simu jinsi anavyokwenda sokoni na bibi, kila mmoja na kikapu chake cha ukindu, na hakuna anayeshangaa. Wiki moja baada ya kurudi, tulimkuta jikoni akipanga vitu alivyonunua. Tulihesabu mifuko: 11. Dumu la maziwa lilikuwa na miwili, mmoja ndani ya mwingine. Kikapu alichopewa na bibi kilikuwa juu ya friji, kimewekwa maua ya plastiki.

"Mama, na kikapu je?"

"Huku nani ataniuliza?"

Tulicheka, lakini jibu lile halikututoka. Mama anajua madhara ya mifuko. Ndiye aliyetusimulia habari za ng'ombe wa Nairobi waliokutwa na plastiki tumboni walipochinjwa. Hapa Mansfield pia anaona kwa macho yake jinsi upepo wa Texas unavyoinasa mifuko kwenye nyua, na mingine ikaangukia kijito cha Walnut Creek, kinachomwaga maji yake katika ziwa la Joe Pool. Elimu anayo. Mtu ni yuleyule na mikono ni ileile, ila mahali pamebadilika. Kule sheria inamwuliza, na muuzaji anamwuliza. Huku kijana wa dukani humfungia vitu viwili viwili kabla hajafungua mdomo.

Si kwamba Texas haijajaribu. Mnamo Januari 2015 jiji la Dallas lilianza kutoza senti 5 kwa kila mfuko. Watengenezaji wa mifuko wakaenda mahakamani, na Juni mwaka huohuo baraza la jiji likaufuta mpango huo. Mji wa Laredo nao uliweka katazo, lakini Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Texas iliamua kwamba sheria ya jimbo hairuhusu mji kufanya hivyo.

Tulimweleza mama haya yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Na nyinyi wanangu, nyumba zenu ziko jirani. Mbona kila asubuhi mnakwenda chuo kimoja kwa magari matatu?"

Tukanyamaza. Nyani haoni kundule. Mabadiliko ya tabianchi tumeyasoma darasani, na mmoja wetu alipata A. Tulijitetea kwamba ratiba hazilingani. Ukweli ni kwamba kila mmoja anapenda muziki wake na kuondoka saa anayotaka, na hakuna aliyewahi kutuuliza.

Tangu siku hiyo, Jumanne na Alhamisi tunakwenda kwa gari moja. Tumechelewa mara mbili na kugombana mara moja. Mama huchukua kikapu tukimkumbusha. Tusipomkumbusha, hurudi na mifuko. Kwa hiyo hatudai kwamba tumeshabadilika. Tulichojifunza ni kwamba kujua peke yake hakutoshi, lazima awepo wa kuuliza. Pale ambapo sheria haiulizi, aulize jirani, mzazi au mtoto, na yeye pia akubali kuulizwa.

Tunaomba tuanzie kwenye chama chetu. Kila mwisho wa muhula tunakula pamoja pilau na chapati, na tukimaliza tunaacha mapipa mawili yaliyojaa sahani za kutupa. Muhula huu kila mmoja aje na sahani na kijiko chake kutoka nyumbani. Walimu wetu pia, kwa heshima zote. Sisi watatu tutasimama mlangoni, na tutawauliza.