Kijana wa Lahore na banda letu la gemu



Wengi mnanijua. Mimi ni fundi cherehani, na meza yangu iko sokoni, ubavuni mwa banda la gemu. Mwaka wa nne huu nashona suruali huku nasikia kelele za watoto wanaopigana kwenye TV. Kwa hiyo wazazi wakitafuta mtoto huanzia kwangu: "Fundi, mwanangu yumo humo ndani?" Wakishajibiwa, huja swali la pili, na hilo ndilo zito: eti haya magemu yana faida gani kwa mtoto wa mkimbizi? Nimeombwa niandike machache juu ya hilo. Nitaandika kwa kupitia mtu mmoja ambaye habari zake nilizisikia kwa kijana wangu wa pili, mwenye miaka kumi na saba, akinitafsiria kutoka kwenye simu jioni baada ya jioni mpaka mama yake akalalamika kwamba chakula kinapoa.

Mtu huyo ni Arslan Siddique, ila wachezaji wanamwita Arslan Ash. Ni mtu wa Lahore, Pakistan, na kazi inayomlisha ni kucheza Tekken.

Kwa asiyejua, Tekken ni gemu ya watu wawili kupigana, iliyotengenezwa Japani na kampuni ya Namco, na ya kwanza ilitoka mwaka 1994. Pedi ina vitufe vinne vya kupigia: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Basi. Hapa kwetu tunacheza ile ya tatu, ya miaka ya tisini, kwenye PlayStation kuukuu inayokula umeme wa sola. Watoto wadogo wote wanamgombania Eddy, yule Mbrazili anayezunguka kama pia, maana hata ukibonyeza vitufe vya miguu ovyo ovyo yeye anapendeza tu. Vijana wakubwa wanamdharau. Ukiona mtoto ameacha kumchagua Eddy, ujue ameanza kufikiri.

Na kufikiri kupo, tena kwingi. Picha ya gemu hii inabadilika mara 60 kwa sekunde moja. Ngumi ya haraka kabisa, kwa wapiganaji wengi, inachukua picha 10 tangu kubonyeza hadi kumfikia adui, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Kila pigo lina bei yake. Ukirusha teke kubwa na mwenzako akalizuia, unabaki wazi kwa muda fulani, na aliyehesabu anajua kwamba muda huo unamtosha kukupiga ngumi ya picha 10 au unamtosha pigo la 15 linalouma zaidi. Kila mpiganaji ana mapigo kama mia hivi, na wapiganaji ni wengi. Kijana wangu ana daftari zima la namba hizo. Nilipolifungua mara ya kwanza nilidhani ni hesabu za shule.

Sasa turudi Lahore. Miaka mingi dunia ya Tekken iliamini kwamba mabingwa wanatoka Korea Kusini na Japani. Pakistan haikutajwa kabisa. Kumbe kule vijana walikuwa wanacheza kwenye mabanda yao, bega kwa bega, ukishindwa unampisha mwingine, na Arslan mwenyewe alianzia kwenye gemu nyingine ya kupigana, King of Fighters, kabla ya kuhamia Tekken. Walikuwa wameshafika mbali bila mtu wa nje kuwaona. Kilichokosekana ni njia ya kutoka.

Februari 2019 alikwenda Fukuoka, Japani, kwenye mashindano ya EVO. Safari hiyo, kama alivyosimulia mwenyewe, ilikuwa taabu tupu. Mambo ya viza na ndege yalimvuruga, ikabidi tiketi ikatwe upya, na njiani pesa yake ya Pakistani hakuna aliyetaka kuibadilisha, kwa hiyo akakaa uwanjani na njaa yake huku ana noti mfukoni. Wasomaji wa ukurasa huu sina haja ya kuwaeleza hali hiyo. Nani kati yetu hakuvuka mpaka akiwa na faranga ambazo upande wa pili zilikuwa karatasi tu?

Alifika amechoka, hajalala vizuri, akacheza, akachukua ubingwa. Fainali alimshinda Mfilipino anayeitwa AK. Baadaye akaulizwa imekuwaje, akajibu kwamba kwao Pakistan wapo wengine wenye nguvu kama yeye. Watu wakadhani ni unyenyekevu wa mshindi.

Agosti mwaka huohuo akaenda Las Vegas, Marekani, kwenye EVO kubwa yenyewe. Walioandikishwa kwenye Tekken 7 walizidi 1,500. Fainali akakutana na Mkorea Bae Jae-min, jina la mchezo Knee, ambaye wengi wanamhesabu kuwa mkubwa kuliko wote waliowahi kushika gemu hii. Arslan akamshinda.

Hapo ndipo panaponifurahisha mimi kuliko ushindi wenyewe. Knee hakununa. Mwaka huohuo wa 2019 alipanda ndege akaenda Pakistan kuwatafuta hao "wengine". Akakaa nao, akacheza nao, na vijana ambao jina lao halikujulikana nje ya mtaa wao wakampiga mara kadhaa. Mwalimu mkuu amebeba begi lake amekwenda kukaa darasani kwa wanafunzi! Na maneno ya Arslan yakaonekana si unyenyekevu. Mapema mwaka 2023 Mpakistani mwingine, Atif Butt, alishinda fainali za dunia za Tekken kule Amsterdam. Knee naye hakuwa amekwisha, EVO ya 2022 aliichukua yeye. Kisha Arslan akarudi, akashinda EVO ya Japani na ya Las Vegas mwaka 2023, na ya Las Vegas tena mwaka 2024, hiyo ikiwa kwenye Tekken 8. Jumla mara tano hadi hapo.

Sasa msikimbilie kuwanunulia watoto pedi. Nilimwambia kijana wangu, "Mwanangu, hebu tuhesabu, maana wewe unapenda namba." Kati ya watu hao zaidi ya 1,500 wa Las Vegas, wanaobaki hadi siku ya mwisho jukwaani ni wanane. Zawadi mwaka huo zilitoka kwenye ada za wachezaji wenyewe, na fungu kubwa lilikwenda kwa wa kwanza. Wengi waliobaki walijilipia nauli, wakarudi nyumbani na picha za kumbukumbu. Arslan alipata wadhamini, Red Bull mmojawapo, na mwaka 2019 alichaguliwa mchezaji bora wa gemu wa mwaka na ESPN ya Marekani. Huyo ni mmoja. Kijana akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Baba, mbona hujahesabu viza?"

Nilinyamaza. Alikuwa na maana yake. Mwaka jana kulikuwa na mashindano madogo mjini, mwendo wa saa tatu kwa gari. Mwenye banda aliwachagua vijana wanne, wangu akiwamo. Barua ziliandikwa mapema, picha za pasipoti zikapigwa, nikamshonea shati. Mashindano yalikuwa Jumamosi. Kibali cha kutoka kambini kilitoka Jumatatu iliyofuata, kimepigwa mhuri vizuri kabisa. Bado anakihifadhi ndani ya lile daftari. Hakulia wala hakugombana na mtu. Siku ile ya Jumamosi alikaa kwenye meza yangu akatia vifungo mashati kumi na mawili bila kusema neno, na mimi sikumwuliza kitu.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza faida ya gemu, mimi simjibu kwa kutaja dola. Namwambia nilichoona: mtoto anayeshindwa mara hamsini kwa wiki mbele ya rafiki zake, na kesho yake anarudi ameandika kwa nini alishindwa. Lakini pia nimeona mtoto aliyeuza sabuni ya mgao ili acheze. Huyo ni wa kukamatwa sikio, hakuna maelezo.

Kwetu nyumbani utaratibu ni huu. Siku za shule ni saa moja tu, baada ya maji kuchotwa. Jumapili mchana ni ruhusa. Pesa ya gemu inatoka kwenye vifungo anavyonitilia mimi, si kwenye pesa ya mama yake. Dada yake naye anacheza, na kwa taarifa yenu, kaka yake hamshindi kila siku.

La mwisho ni tangazo. Vijana wameamua kwamba kama mjini hawafiki, basi watu waje kwao. Wanapanga mashindano ya zoni zote za kambi, ukipigwa mara mbili ndipo unatoka, kama kule Las Vegas. Wasichana wanaruhusiwa. Orodha iko kwangu, jina la mtoto na zoni yake, na mzazi aje mwenyewe kulitaja. Tarehe itabandikwa kwenye ubao wa soko. Tuna TV moja, na kwa wingi wa majina ninayoyaona haitatosha. Mwenye TV ya zamani, ile yenye matundu ya waya nyeupe, nyekundu na njano, hata kama rangi yake imefifia, anione mezani kwangu. Itarudi salama, nami nitamshonea mtoto wake sare ya shule bila malipo.