Breki Niliyoifunga Mwenyewe

Nilisahau kufungua breki ya mkono ya behewa moja, na treni ikaondoka Kajiado hivyo hivyo. Hilo ndilo kosa. Mengine yote ni maelezo, na maelezo hayalipunguzi.

Nilikuwa gadi wa treni za mizigo miaka ya 1980. Mwajiri sitamtaja, maana kosa halikuwa lake. Njia yenyewe wengi mnaijua hata kama hamjawahi kupanda chochote juu yake: inaachana na reli kuu ya Mombasa pale Konza, inapita Kajiado, halafu inateremka bondeni hadi Magadi. Ilijengwa miaka ya 1910 kwa ajili ya magadi ya lile ziwa. Ziwani ni kama mita 600 tu juu ya bahari. Kajiado mjini pamepita 1,600. Kwa hiyo treni yenye shehena hupanda mita 1,000 kabla ya kupumua Kajiado, na aliyezoea mlima huo hana hofu nyingine kubwa kuliko behewa kuachia na kurudi lilikotoka.

Hofu hiyo ndiyo iliyoniponza, na ili ieleweke inabidi niseme kidogo breki ya treni inavyofanya kazi. Watu wengi hudhani hewa ndiyo inayofunga breki. Ni kinyume. Kichwa cha treni kinasukuma hewa kwenye bomba linalopita chini ya kila behewa hadi la mwisho, na maadamu bomba limejaa, magurudumu yako huru. Dereva akipunguza hewa, au bomba likikatika, breki zinashika treni nzima. Mpango huo ni wa Mmarekani George Westinghouse, tangu miaka ya 1870, na ni akili ya ajabu, kwa sababu treni ikikatika vipande viwili, vyote viwili vinajisimamisha. Lakini hewa huvuja. Treni ikilala bila kichwa, baada ya saa kadhaa hewa iliyoshikilia breki hupungua, na breki hulegea bila kumwambia mtu. Hapo ndipo breki ya mkono inapohitajika: mkono wa chuma ubavuni mwa behewa, unaukandamiza chini, unachomeka pini, na bloki za breki zinabana magurudumu mpaka mtu aje azifungue. Haivuji, wala haichoki.

Kila mtu wa reli Afrika Mashariki anaijua Igandu, mkoani Dodoma, Juni 24, 2002: treni ya abiria ilirudi kinyumenyume mlimani ikagongana na treni ya mizigo, watu 281 wakafa. Ng'ambo kuna Lac-Mégantic nchini Kanada, Julai 6, 2013, ambako treni ya mafuta ghafi iliachwa usiku mlimani bila mtu, hewa ikavuja, breki za mkono saba zilizofungwa zisitoshe, ikashuka hadi katikati ya mji na kuua watu 47. Ajali hizo zilitokea miaka mingi baada ya siku yangu mbaya, lakini hofu yenyewe tulikuwa nayo tangu mafunzoni. Tulifundishwa kuogopa treni isiyosimama. Treni isiyoachiliwa haikumtisha mtu.

Basi ilikuwa Agosti, Kajiado, baridi na vumbi kwa pamoja. Treni ilifika jioni na shehena yake, kichwa kikaondolewa kwenda kufanya kazi nyingine, na mabehewa yakabaki stesheni mpaka asubuhi. Nilifunga breki za mkono za mabehewa ya mwisho kama kanuni inavyotaka, nikaandika namba zake kitabuni, nikakikabidhi kitabu ofisini. Hadi hapo sina la kujuta.

Usiku wa manane upepo ulivuma, nikasikia chuma kikilia katikati ya treni. Huenda ilikuwa mnyororo tu. Mimi nikaona mabehewa yanataka kutembea. Nikachukua taa, nikapita upande wa mbali na jukwaa, nikachagua behewa lililokuwa karibu nami, nikakandamiza mkono wake wa breki kwa uzito wangu wote. Pini yake ilikuwa imelika na inacheza, kwa hiyo nikaifunga kwa kipande cha kamba ya katani nilichokuwa nacho mfukoni. Nikarudi kulala nikijiona gadi makini kuliko wote nchini. Ofisi ilikuwa imefungwa na kitabu kiko ndani. Nikasema nitaandika asubuhi.

Sikuandika.

Asubuhi kichwa kilikuja kimechelewa. Stesheni masta alikuwa ameshaambiwa kwamba tukikosa nafasi yetu ya kuingia njia kuu Konza tutakaa huko mpaka mchana, naye akawa anatoka mlangoni kila dakika kuangalia saa, kana kwamba sisi hatuna zetu. Nilisoma kitabu, nikafungua breki zote zilizoandikwa, moja baada ya nyingine, kwa utulivu na kwa usahihi. Hii ndiyo sehemu inayonichekesha hadi leo: nilifuata kitabu kikamilifu, na kitabu kilikuwa na upungufu niliouweka mimi.

Palibaki jaribio la breki. Dereva alijaza bomba, nami nikaona kwenye saa ya hewa ya behewa langu la nyuma mshale ukipanda. Akafunga breki, mshale ukashuka. Nikatembea treni nzima nikiangalia bloki zikibana magurudumu, na zote zilibana, pamoja na za lile behewa, ambazo zilikuwa zimebana tangu usiku. Kisha dereva akaachia. Kanuni inasema hapo utembee tena, uone kila bloki imeachana na gurudumu lake. Badala yake niliangalia saa ya hewa, mshale ukawa umerudi juu, nikaridhika. Saa ile inajua habari za bomba tu. Mkono wa chuma uliochomekwa pini haiujui. Niliweka sahihi kwenye cheti cha breki, nikapeperusha bendera ya kijani, tukaondoka.

Kelele nilizisikia mapema. Dug-dug-dug, kutoka mbele yangu. Nikajiambia ni viungo vya reli. Lakini viungo viko umbali wa mita kumi na kitu, na gurudumu la behewa halifiki mita 3 ukilizungusha utepe. Kugonga kwake ni kwa haraka zaidi, na sikio la gadi linajua tofauti. Langu lilijua. Nilichagua kutolisikiliza.

Katikati ya uwanda, mahali pasipo na stesheni, dereva alipiga honi na kusimama. Nikachungulia nikaona moshi. Niliteremka nikaanza kutembea juu ya kokoto kuelekea mbele, na njiani nikawa natunga sababu: beringi imeungua, mafuta yamekauka, mafundi hawa siku hizi. Nilishamhukumu fundi kabla sijafika. Harufu ya chuma kilichoungua ikanipata kwanza, halafu nikaliona behewa, magurudumu yake yakiwa mekundu mekundu ukingoni, na mkono wa breki uko chini. Hata hapo akili ilitafuta mlango wa kutokea. Labda kuna mtoto wa stesheni aliyechezea. Kisha nikaona kamba ya katani. Fundo lake lilikuwa langu. Nafunga fundo kwa namna niliyoonyeshwa na baba yangu, la kuzungusha mara mbili na kurudisha ncha ndani, na sikuwahi kumwona mwingine pale reli akifunga hivyo. Nilisimama nikilitazama. Hakuna aliyekuwa amenituhumu bado, na tayari kesi ilikuwa imekwisha.

Nilikata kamba kwa kisu, nikaitia mfukoni. Ndipo nikafungua breki. Angalieni mpangilio huo.

Dereva alikuja mbio. Akauliza, "Gadi, ulipita upande huu asubuhi?"

Nikasema, "Nilipita, mzee."

Nyuma yetu nyasi zilikuwa zinawaka. Bloki zilizokuwa zikisugua magurudumu zilirusha cheche njiani, na Agosti nyasi za Kajiado hazihitaji kushawishiwa. Vijana wa boma la jirani walishafika, wanaupiga moto kwa matawi mabichi. Tukaungana nao kwa sepetu. Moto ulifia kwenye korongo kavu. Hakufa mtu wala mnyama. Kilichoungua ni olopololi, malisho ambayo Wamaasai huyatenga karibu na boma na kuyalinda yasiguswe na ng'ombe wakubwa, ili ndama na mifugo dhaifu wapate cha kula kiangazi kikikaza. Mzee mwenye boma hakupaza sauti. Aliniuliza, "Kijana, sasa ndama watakula nini mpaka mvua?" Nikamwambia mambo haya hutokea. Mvua ilikuwa ya kusubiriwa hadi Oktoba, au Novemba.

Tuliingia Konza kwa mwendo wa konokono, na behewa likakatwa pale. Magurudumu yalikuwa yameburutwa tulipokuwa tunaanza kuondoka, yakalika upande mmoja yakawa na bapa. Eksili mbili zilitupwa. Nafasi yetu ya njia kuu tuliipoteza pia, ile ile tuliyoikimbilia.

Katika ripoti niliandika kwamba breki ya behewa ilikwama. Sentensi fupi, haina uongo wa kupigiwa kelele, na inamfanya kila msomaji amtazame fundi. Ndivyo ilivyokuwa. Fundi aliyelikagua behewa kabla halijafika kwetu alipewa barua ya onyo kwa kutotia mafuta sehemu ambazo mimi najua alizitia. Nilikaa na jambo hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Mwishowe nilikwenda ofisini, nikaiweka ile kamba mezani, nikaeleza. Si ujasiri, nilikuwa nimepangiwa kufanya kazi na fundi huyo huyo wiki iliyofuata na sikuweza kufikiria jinsi ya kumsalimia.

Barua yake ilifutwa. Mimi nilinyimwa nyongeza ya mshahara, nikatolewa kwenye treni nikapelekwa yadi kuunganisha mabehewa. Ilikuwa adhabu ya haki, na wenzangu waliona ni ndogo. Fundi aliniitikia salamu kwa adabu, basi, hadi alipostaafu. Mzee wa boma hakulipwa kitu. Hakujua kwamba angeweza kudai, nami niliyejua, niliyekuwa na fomu na anwani, sikurudi kumwambia. Hilo halimo katika faili yoyote, ndiyo maana naliandika hapa.

Siku hizi naishi Kitengela. Malori yaendayo Namanga hulala kando ya barabara karibu na kwangu, na kila usiku taniboi huteremka kuweka mawe chini ya matairi ili gari lisiondoke. Ni uangalifu mzuri, uleule wangu wa taa na kamba. Alfajiri lori linanguruma na kuondoka, jiwe linabaki barabarani, na anayefuata ni kijana wa bodaboda mwenye taa mbovu. Nimeshatoa mawe mengi pale. Nimewasema vijana wale, wakanijibu, "Sawa, mzee," kwa sauti ya mtu anayewahi safari.

Kwa hiyo kijana, kama unafunga breki Kajiado au unaweka jiwe Kitengela, sikuombi uwe makini zaidi usiku. Usiku uko sawa. Nakuomba asubuhi, kabla dereva hajapiga honi, upite pande zote mbili hadi mwisho, ufungue ulichofunga, na kama hukukiandika, mwambie asubiri.