Katuni Tuliyoizima Katikati

Tuanze na basi, maana aibu yetu ya kwanza ilitupata humo. Tulikuwa mafrateri wanne, tunatoka Dar es Salaam kwenda Mtwara kwa likizo ya kichungaji. Basi lilikuwa limeshavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, abiria wengi wamesinzia, na mmoja wetu akatoa simu aendelee na katuni yake ya Kijapani. Ilikuwa Shokugeki no Soma, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2015, habari za kijana wa mgahawa mdogo aliyepelekwa kusoma shule kubwa ya upishi. Hadithi ni nzuri, na anayeitazama hujifunza mengi ya jikoni. Tatizo ni kwamba waliotengeneza katuni hiyo wameamua kuwa mtu akionja chakula kitamu, raha yake ionekane kwa nguo kupasuka na kupeperuka. Wali, nguo zinaruka. Mchuzi wa nyama, nguo zinaruka.

Kiti cha pembeni alikaa mama mmoja, kikapu mapajani. Akatazama simu, akamtazama frateri, akaitazama tena simu.

"Mwanangu, huyo anakula nini?"

"Wali, mama."

Mama akanyamaza mpaka Nangurukuru. Ndipo akasema taratibu, kama anayejisemea, "Mimi nimepika wali miaka arobaini." Waliokaa nyuma yake walicheka karibu mpaka Lindi. Mwenzetu aliweka simu mfukoni na hakuitoa tena mpaka tuliposhuka. Namshukuru Mungu, tulisema, hakuna aliyejua kwamba sisi ni mafrateri.

Wenye watoto na wadogo nyumbani mnazijua katuni hizi, hata kama hamjakaa kuzitazama. Hupita kwa flashi na memori kadi kutoka vibanda vya kuingiza muvi, au kwa simu kurushiana na simu. Sisi wenyewe tulikua nazo. Tulizitazama vibanda umiza kwa shilingi za kuokoteza, kisha kwenye simu chini ya shuka. Nasi tumezionea aibu kwa namna zaidi ya moja. Kuna aibu ya kuonekana mtoto: frateri mzima, kesho kutwa anapewa ushemasi, anatazama katuni! Kuna aibu ya kukutwa unalia, na katuni hizi huliza kweli, mtu akikukuta unasingizia vumbi. Na kuna ile ya kwenye basi. Zote tatu tulikuwa tumezitupia kapu moja, tukaliita kapu hilo "mambo ya kutazama peke yako". Hapo ndipo tulipokosea, ila hatukujua mpaka tulipofika kigangoni.

Kigango chenyewe hatutakitaja. Ni upande ule wa kusini mwa Mtwara mjini, ukishapita mitambo ya gesi ya Madimba, ambako barabara inageuka mchanga na mikorosho inapisha minazi, kisha mikoko. Ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Wakatoliki ni wachache pale, Waislamu ni wengi, na wanazikana na kuozana bila kuulizana sana. Baba Paroko alitupangia wiki tatu: mafundisho kwa watoto wa Utoto Mtakatifu, kutembelea jumuiya, kupeleka Komunyo kwa wagonjwa tukiwa na katekista.

Miongoni mwa watoto wale alikuwepo mvulana wa miaka kama kumi na mmoja, analelewa na bibi yake. Wenzake walikuwa na jina la kumwita ambalo hatutaliandika hapa. Lilihusu jinsi alivyozaliwa. Hakuwa mkorofi sana. Alikuwa wa kumwaga maji ya mwenzake, kuchora ukutani, kuitika kwa sauti ya mbuzi akiitwa jina kwenye mafundisho. Mmoja wetu akasema, huyu ni Naruto kabisa. Wote tukaitikia, kwa sababu ilikuwa kweli.

Kwa asiyemjua: Naruto ni yatima. Siku aliyozaliwa, zimwi la mbweha mwenye mikia tisa liliua watu kijijini, na kiongozi wa kijiji akalifungia ndani ya mwili wa kitoto hicho ili watu wapone. Watu walipona, na kwa shukrani wakamchukia mtoto. Anakua hana wa kumsalimia, anachora upuuzi kwenye sanamu za wakubwa ili angalau wamgombeze. Sehemu ya kwanza ya katuni inaishia na mwalimu wake, Iruka, ambaye wazazi wake waliuawa na zimwi lilelile. Silaha inarushwa kumuua mtoto, na mwalimu anamwinamia na kuipokea kwa mgongo wake. Tulikuwa tumeitazama mara nyingi, na kila mmoja wetu aliwahi kusingizia vumbi kwa ajili ya mgongo ule.

Tukaamua kuionyesha. Jumamosi jioni, kwenye banda la chekechea la kigango, projekta ya kuazima kutoka parokiani, shuka jeupe la mama mwenyekiti wa WAWATA, spika ya kwaya. Mmoja wetu angeshika maiki na kutafsiri palepale, kwa mtindo wa Lufufu ambao sote tumelelewa nao. Katekista akatangaza mpaka msikitini, akiwaomba majirani waje na watoto wao. Wakaja. Walikuja hata wasio na watoto. Mbele kwenye mikeka walikaa wadogo, nyuma yao kina mama, pembeni wazee kwenye viti vya plastiki. Baba Paroko naye akaja akakaa karibu na mlango.

Tuliona tufungue kwa maneno ya kiroho. Mzee mmoja Mwislamu alikuwa ameuliza kama Wajapani wana dini, nasi tukapata pa kuanzia. Tukawaeleza kwamba Mtakatifu Fransisko Ksaveri, kabla hajafika Japani mwaka 1549, alikaa miezi Kisiwa cha Msumbiji, na meli iliyomtoa huko kwenda Malindi mwaka 1542 ilipita bahari hii hii mnayovulia. Tukaeleza habari za Paulo Miki na wenzake, waliosulubiwa Nagasaki mwaka 1597, tunaowakumbuka kila tarehe 6 Februari. Watu walisikiliza vizuri mno. Mzee alitikisa kichwa, akasema hao walikuwa waume.

Kisha tukawasha.

Ambacho hatukukiwaza ni dakika za mwanzo. Kuna mtihani darasani, kila mwanafunzi ajigeuze afanane na mwalimu, na Naruto kwa utundu anajigeuza msichana mkubwa asiye na nguo, mawingu ya moshi yakiwa yamemfunika panapotakiwa kufunikwa, kwa shida. Ni mzaha wa sekunde chache, mwalimu anatokwa damu puani, basi. Kwenye simu ni kitu cha ukubwa wa kidole. Kwenye shuka la mama mwenyekiti kilikuwa kirefu kuliko mlango.

Mtafsiri wetu alikuwa amepamba moto. Akapaza sauti: "Sasa hapa mtaona maajabu!" Halafu akakumbuka, na maiki ikabaki inavuma tu. Aliyekuwa kwenye kompyuta akakimbilia kuruka mbele, akabonyeza kitufe kikubwa kuliko vyote, na picha ikasimama. Ikasimama palepale. Tunaambiwa umeme wa Mtwara ni wa gesi ya hapo Mnazi. Tuliomba ukatike. Haukukatika. Mwishowe mmoja wetu aling'oa waya ukutani, banda likawa giza, na katika giza lile ilisikika sauti ya mtoto mmoja tu ikicheka, kisha sauti ya kofi.

Watu waliondoka kwa adabu, na adabu ile ilituumiza kuliko kama wangezomea. Mzee wa viti vya plastiki aliaga, "Tutaonana, vijana," bila kutushika mkono.

Baba Paroko alituuliza swali moja usiku ule: "Mlijua?"

Tukajibu, "Hatukukumbuka, Baba."

Lilikuwa jibu la kweli, na hatukulala vizuri kwa sababu yake. Tulipokuwa tumejilaza, mmoja akasema gizani kwamba kila akiitazama sehemu ile kwenye simu, kidole gumba huwa kinaruka mbele chenyewe. Mwingine akasema, changu pia. Wa tatu akakiri kwamba chake huwa hakiruki. Tukanyamaza kitambo. Vidole vyetu vilikuwa vinajua muda wote. Vilishapanga hiki cha kuona na hiki cha kupita, au cha kupita mtu akiwepo, na sisi wenye vidole tukajiona tunatazama katuni safi ya kumfaa mtoto yatima. Insha juu ya Inter Mirifica, ile hati ya Mtaguso ya mwaka 1963 kuhusu vyombo vya upashanaji habari, tulikuwa tumeshaiandika na kupata alama nzuri.

Asubuhi baada ya Misa tulirudi kwa Baba Paroko tukamweleza habari za vidole. Alisikiliza akimenya chungwa. Ripoti yetu kwa gambera alikuwa hajaiandika, nasi tulijua hilo. Akasema tu, "Nendeni kwa mama mwenyekiti. Shuka ni lake."

Mama mwenyekiti alitupokea ugani, akatuacha tusimame kidogo, akatuitikia shikamoo. Tukaanza kuomba radhi kwa ajili ya uchi. Akatukatiza.

"Mafrateri wanangu, uchi mnanieleza mimi? Sisi unyagoni tuliambiwa makubwa kuliko hayo, na kwa nyimbo. Na sindimba mmeiona? Viuno vile mnadhani vinatwanga mpunga?" Akacheka, sisi hatukuthubutu. "Lakini unyagoni alikuwepo nani? Kungwi na mwali. Kila neno lina watu wake. Nyie jana mmemkalisha baba na binti yake. Yule kwenye mkeka wa pembeni alikuwa na mama mkwe wake nyuma yake. Mkwe! Leo hajatoka nje."

Hilo la mkwe hatukuwa tumelifikiria hata kidogo. Tulikuwa tumehesabu dhambi zetu usiku kucha, na hakuna aliyemhesabu yule bwana aliyeshindwa kutoka nje. Tulikwenda kwake pia. Hatutasimulia, hakuyataka mazungumzo, alitutengea viti na kutuuliza habari za bei ya korosho.

Tukiwa bado pale ugani tulimuuliza mama mwenyekiti kama tungeweza kuionyesha tena, kuanzia katikati, kwa watoto tu na wazazi watakaotaka. Tulijaribu kumweleza habari za mwalimu na mgongo wake. Alisema inaonekana ni hadithi nzuri, na kwamba shuka hatoi. Tulikubali. Ila jambo hili liliendelea kutuuma, na linatuuma mpaka leo, kwa sababu watu wote wale walibaki na picha moja ya hadithi ile, nayo ndiyo mbovu. Tulichotaka waone kilikuwa dakika chache tu mbele. Aibu iling'oa waya, ikaondoka na vyote viwili, na sisi tulikuwa tumeizoeza kufanya hivyo tangu siku za chini ya shuka, tulipoficha machozi pamoja na yale mengine.

Wiki ya tatu ilipokwisha, yule mvulana alijitolea kutubebea begi mpaka barabarani. Tulisubiri gari karibu saa nzima chini ya mkorosho. Hakusema kitu mpaka tukadhani amechoka. Kisha akauliza, huku akichimba mchanga kwa kidole cha mguu, yule mtoto mchoraji ilikuwaje baadaye.

Tukamsimulia, wote wanne, tukipokezana na kukosoana. Jinsi alivyofeli mtihani. Jinsi mwalimu mwingine alivyomdanganya aibe kitabu cha siri. Jinsi alivyoambiwa usoni kwa nini kijiji kinamchukia. Mtafsiri wetu alisimama ili aonyeshe jinsi mwalimu alivyoinama, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwinamia, akamwinamia mvulana mwenyewe, mikono chini mchangani pande zote mbili. Mtoto akatulia tuli. Akauliza kutoka humo chini:

"Alipona?"

"Alipona."

"Na yule mtoto alimfanya nini?"

"Alimvalisha kitambaa chake mwenyewe cha kichwani, cha waliofaulu. Akasema atampeleka kula."

"Kula nini?"

"Tambi za mchuzi."

Alilifikiria hilo. Gari likaonekana kwa mbali, vumbi kwanza. Akaturudishia begi, akasema siku nyingine tukija tuilete, aitazame na bibi yake. Tukamwahidi tutairuka ile sehemu ya mwanzo.

"Mimi nilishaiona," akasema. "Mumrukie bibi."