Jezi Isiyochafuka

Ligi ya besiboli ya watoto aliyoianzisha Carl Stotz kule Williamsport, Marekani, mwaka 1939, imesimama kwa mikono ya watu wa kujitolea. Chama chetu cha mpira wa watoto, hapa Bukavu, nacho huishi hivyo hivyo. Lakini kanuni za ligi ile zataka kila mtoto wa timu aingie uwanjani; sisi, tena tuliosomea ualimu, tulitaka ushindi tu.

Mama mmoja alitufulia jezi msimu mzima bila malipo. Jumamosi moja alituonyesha moja, akasema kwa upole: “Walimu, hii ya mwanangu mwaniletea ya nini? Haijapata kuchafuka.”

Hatukuwa na jibu. Juma lililofuata tulimchezesha. Tulifungwa mabao matatu.