Akirudi na Stenti Shingoni, Uuguzi Wahamia Nyumbani

Sisi wauguzi tunaojitolea katika kikundi cha wanawake kanisani huwatembelea wagonjwa majumbani, Masasi na Newala. Wengi tunaowakuta ni wa presha na kiharusi. Si huku kwetu tu. Uchunguzi uliofanyika wilaya ya Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kuwa kiharusi ni kingi nchini, na presha ni chanzo kikubwa.

Shingoni tunayo mishipa mikubwa ya damu, kulia na kushoto, inayolisha ubongo. Presha, kisukari na tumbaku huifanya ijenge mafuta ndani na kuwa myembamba. Kipande kikichomoka hapo, huenda kuziba mshipa wa kichwani. Daktari bingwa aweza kupitisha mrija kutoka kinenani hadi shingoni, akaupanua mshipa na kuacha humo stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma. Tiba hii ni nadra kwetu. Anayerudi nayo nyumbani jamaa hushangilia, wakadhani yamekwisha.

Mama mmoja wa Newala alimpokea mumewe akitokea kutibiwa India. Haukupita muda mrefu, baba akalalamika kichwa kinauma upande mmoja, ule wa stenti. Wazee walisema ni uchovu wa safari, tena wakataka achanjwe chale. Mama aliwajibu kwa heshima, "Baba zangu, kwanza tumpime presha." Ilikuwa juu sana. Walimkimbiza hospitali, presha ikashushwa taratibu, akapona.

Akina mama wapenzi, tuelewe kilichotokea. Ubongo uliozoea damu kidogo ghafla hupata nyingi. Presha ikiwa juu, mishipa midogo yaweza kushindwa, hata damu ikavuja kichwani. Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika siku za kwanza, lakini yaweza kutokea hata mwezi mzima. Kichwa kuuma sana, kuchanganyikiwa au kushikwa degedege ni dalili za kukimbilia hospitali, hata iwe usiku.

Pili ni vidonge. Kwa kawaida mgonjwa hupewa aspirini pamoja na klopidogreli kwa wiki nne au zaidi, kisha aspirini huendelea. Dawa hizi huzuia damu kuganda kwenye stenti. Akiziacha bila ruhusa ya daktari, mshipa waweza kuziba akapata kiharusi kile kile alichokimbia. Huku kwetu fedha huja na minada ya korosho, lakini vidonge huliwa kila siku. Msimu ukifika, tutenge fedha za dawa kabla ya bati na kabla ya sherehe.

Kwa kuwa damu yake haigandi upesi, asichanjwe chale, wala shingo isikandwe. Kinenani pakivimba au pakitoka damu, pabanwe kwa nguvu kwa kitambaa safi huku akipelekwa hospitali. Katika siku za mwanzo presha yaweza pia kushuka, akasikia kizunguzungu. Ainuke polepole, na daktari aambiwe.

Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, tusingoje kuche. Tusimlazimishe kumeza dawa, chai wala uji, maana aweza kupaliwa. Tukumbuke saa dalili zilipoanza, kwa sababu daktari ataiuliza.

Hata akiwa mzima, arudi kupimwa kwa tarehe aliyopewa, kwani mshipa waweza kuwa mwembamba tena. Na nyumbani tupunguze chumvi chunguni, tumsaidie baba aache sigara.

Wazee wetu tuwasikilize, lakini mgonjwa tumpeleke hospitali. Mama anayejua dalili hizi hahitaji kuwa muuguzi ili aokoe maisha ndani ya nyumba yake.