Kutangulia na Kurudisha Nyuma

Kitenzi cha Kiingereza “antedate” tulikifundisha miaka mingi kwa neno moja, kutangulia. Kosa letu tulilitambua Nchelenge, ufukoni mwa Ziwa Mweru, ambako uvuvi hufungwa kila mwaka toka 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Katikati ya Desemba mchuuzi mmoja, mwenye Kiswahili cha ng’ambo, Kongo, alituomba tumwandikie stakabadhi ya samaki ya tarehe 29 Novemba.

“Tanguliza tarehe tu, mwalimu.”

Livingstone alifika ziwani hapo mwaka 1867. Wavuvi walikwisha kumtangulia, na huko ndiko kutangulia. Tarehe hii ingerudishwa nyuma kwa mkono wetu, ingawa Mwingereza hutumia kitenzi kilekile. Tulikataa. Mchuuzi akaondoka bila kutuaga.