Rangi Juu ya Kutu



Leo nataka kuwaeleza kosa langu, maana huenda likamfaa mmoja wenu anayetaka kuipaka pikipiki yake rangi mwenyewe nyumbani.

Mnakumbuka tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang yakaangukia Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Mtoto wa marehemu mdogo wangu alisalimika pamoja na mama yake, lakini pikipiki yake ilizama katika tope. Fundi aliisafisha injini ikawaka tena. Mwili wake ndio ulioanza kuliwa na kutu, nao abiria hupenda pikipiki safi. Na pikipiki hiyo ndiyo jembe la nyumba ile.

Basi, Julai 2024 kijana akaniletea huku Dongobesh. Mimi nimewahi kupaka milango na madirisha, nikajiona fundi. Nilipangusa vumbi, nikasugua kidogo kwa msasa, nikapuliza rangi nyekundu juu ya kutu. Jioni tangi liling'aa kama kioo. Majirani wakasifu, nami nikavimba kichwa.

Mwezi wa Septemba kijana akarudi. Rangi ilikuwa imefura malengelenge. Akaniambia, "Baba mkubwa, nikipanda mlima nasikia harufu ya petroli." Nikakwangua lengelenge moja chini ya tangi. Pale palikuwa na tundu dogo kama ncha ya sindano, na petroli ikivuja polepole kuelekea injini yenye moto. Ndugu msomaji, nilitetemeka. Laiti ningelisugua kutu ile mpaka mwisho, tundu ningeliliona mapema. Mimi nililifunika, nikampakiza kijana na abiria wake juu ya hatari. Wazee walisema kweli: mficha maradhi, kilio humfichua.

Fundi alikataa katakata kulichomelea tangi lile, kwa kuwa hata likiwa tupu hubaki na mvuke wa petroli, nao hulipuka. Tukanunua tangi jingine lililotumika, ila zima. Safari hii nilifanya hivi.

Kwanza, nilifungua tangi, madigadi na vifuniko vya ubavuni. Petroli niliimimina nje, mbali na jiko, mbali na watoto, wala hakuna aliyevuta sigara karibu. Nikaosha kila kitu kwa maji na sabuni, maana rangi haishiki penye mafuta.

Pili, nilisugua kutu kwa brashi ya waya na msasa mkali, mpaka chuma cheupe kikaonekana. Kazi hiyo ilinila siku nzima. Kisha funga macho upitishe kiganja: mkono utaona bonde ambalo jicho limelikosa.

Tatu, nilipuliza rangi ya msingi mara mbili, nyepesi nyepesi. Ilipokauka nikailainisha kwa msasa laini uliolowa maji. Ndipo nikapuliza nyekundu mara tatu, kopo likiwa mbali kiasi cha shibiri moja, nikingoja kama robo saa kati ya mkono na mkono. Ukipuliza nzito, rangi hutiririka kama machozi.

Tena, chagueni saa. Kwetu huku juu asubuhi kuna umande na baridi, na unyevu huifanya rangi ipauke. Mchana upepo huleta vumbi. Mimi nilingoja jua likaushe umande, nikamaliza kabla upepo haujaamka. Fanyeni kazi mahali pa wazi, mkiwa mmefunika pua na mdomo, na sehemu zisizopakwa mzifunike kwa magazeti ya zamani. Hata gazeti hili litafaa, mkisha kulisoma!

Mwisho nilipaka klia ya kopo. Lakini jueni kwamba klia hiyo huyeyushwa na petroli; basi mkijaza mafuta, zungusheni kitambaa mdomoni mwa tangi. Ile ya kuchanganywa na dawa ya kuigandisha ni imara zaidi, ila hewa yake ni sumu kwa mapafu. Hiyo waachieni mafundi wenye vifaa.

Labda utaniuliza, kwa nini nyekundu tena, wakati kijana alitamani buluu? Kwa sababu kadi ya pikipiki imeandikwa nyekundu. Anayebadili rangi hana budi kwenda TRA kadi irekebishwe, asije akasumbuliwa njiani.

Pikipiki ilipokwisha, haikung'aa kuliko ile ya Julai. Majirani hawakusifu sana. Lakini kijana aliinama, akanusa chini ya tangi, akacheka, akapiga teke ikawaka. Nikamtazama akishika njia ya Katesh, nami usiku ule nililala usingizi.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kununua rangi, nunueni msasa.